Walimpigia mavyaa wangu kabla ya kunipigia mimi

Jumanne usiku, saa nne kasoro, msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, wale wa apu ya mkopo wamempigia bosi wangu. Wamemwambia mimi ni mwizi. Kesho naingiaje kazini?" Nilikuwa jikoni. Nilizima moto nikakaa kitako, maana ujumbe ule nilishawahi kuuandika mimi mwenyewe, ila sikuwa na wa kumtumia. Nimemjibu kwa ufupi usiku ule ule. Jibu refu nalileta hapa, kwa sababu wengi mnaonisoma mna biashara ndogo kama yangu, na najua mnachokitaka: duka lenye mlango wako na ufunguo wako. Na njiani kuelekea huko, wengi wetu tumepita kwenye mkopo wa simu.

Mwaka 2022 nilikuwa nauza madera kutoka nyumbani, Likoni. Mzigo nauagiza Islii, unapakiwa basi la usiku, asubuhi navuka feri naufuata Mwembe Tayari. Mwezi mmoja kabla ya Idi oda zilifurika na mtaji ulikuwa umekauka. Nikapakua apu. Ndani ya dakika tano shilingi 8,000 zilikuwa kwenye simu yangu, nami nikamshukuru Mungu.

Katika dakika hizo tano simu iliniuliza maswali manne. Iruhusu apu hii ione majina na namba zako? Ujumbe wako? Picha? Mahali ulipo? Nikabonyeza Ruhusu, Ruhusu, Ruhusu, Ruhusu. Sikusoma hata mstari mmoja.

Mzigo ulikwama, wateja wawili wakaahirisha, siku ya kulipa ikapita. Siku ya nne walianza kupiga, na simu ya kwanza haikuja kwangu. Ilikwenda Msambweni, kwa mavyaa wangu. Nilikuwa nimemhifadhi kwa jina hilo hilo, "Mavyaa", kwa hiyo walijua vizuri wanampigia nani. Mama wa watu hakujua hata kama nakopa. Aliambiwa mke wa mwanawe ni tapeli na picha yake itasambazwa. Wa pili alikuwa mwalimu wa madrasa ya wanangu. Wa tatu ni mteja aliyekuwa ameshanilipa arbuni ya dera la harusi, alinitumia skrinshoti ya ujumbe wao, na chini yake akaandika, "Naomba pesa yangu."

Deni nililimaliza wiki ile ile, na riba yake yote. Maneno hayakumalizika. Idi ile mavyaa alikuja, akawabusu watoto, akakataa chai yangu. Mpaka leo akiniuliza habari za biashara hunitazama mikono, si uso. Mnisamehe, hili bado linaniuma na sitajifanya halinijii.

Lakini kuna jambo lililoniuma zaidi nilipotulia, nalo ni kosa langu. Yule mwalimu hakukopa. Hakupakua chochote. Mimi ndiye niliyeitoa namba yake, na ya mavyaa, na za watu zaidi ya mia tano, bila kumuuliza hata mmoja wao. Tukilia kwamba kampuni zinachukua data zetu bila idhini, tukumbuke pia idhini tulizozitoa kwa niaba ya watu wasiokuwepo.

Miezi iliyofuata niipite. Aprili 2023 nikasikia kwenye habari kwamba Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data hapa Kenya imeitoza Whitepath, kampuni ya mikopo ya simu, faini ya shilingi milioni 5. Si hao walionifanyia mimi, ila nilisimama katikati ya nyumba nikisikiliza. Kumbe lina jina. Kumbe lina ofisi. Septemba mwaka huo huo zikafuata faini tatu kwa mpigo: Mulla Pride, wenye apu za KeCredit na Faircash, shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba walizozipata kwa watu wengine kutishia watu, ukumbi wa starehe wa Casa Vera, shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na Roma School, shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto zilizotolewa bila idhini ya wazazi.

Nilikwenda kuisoma sheria yenyewe, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, usiku tatu mfululizo, nikiwa na kamusi. Idhini kwa sheria ile si kule kubonyeza tu. Lazima itolewe kwa hiari, iwe wazi, iwe ya jambo mahususi, na mtoaji awe ameelezwa anachokikubali. Unaweza kuiondoa wakati wowote. Na hapa ndipo nilipopigia mstari kwa kalamu nyekundu: mzigo wa kuthibitisha kwamba uliikubali uko kwa kampuni, hauko kwako. Isitoshe, kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa simu kuingia kwenye orodha yako ya namba ili kuwatumia watu ujumbe unapochelewa kulipa.

Nikaandika malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna juu ya wale walionikopesha. Mume wangu alisema najisumbua, mtu kama mimi hawezi kushindana na kampuni. Niliambatisha skrinshoti ya yule mteja, na karatasi aliyoiandika mwalimu kwa mkono wake, tarehe, saa na namba iliyompigia. Mavyaa alikataa kuhusishwa, na sikumlazimisha. Sheria inampa Kamishna siku 90 kuchunguza na kumaliza lalamiko. Nilizihesabu kwenye kalenda ya ukutani. Uamuzi ulipotoka, nilikuwa nimeshinda. Niliamriwa kulipwa fidia, na fidia ile ndiyo cherehani mbili mnazoziona nyuma yangu kwenye video zangu, ile ya kushona na ile ya ovaloki. Nilishinda bila wakili, mimi niliyeishia kidato cha nne. Nalisema kwa sababu ni kweli na kwa sababu nawe unaweza.

Sasa wewe dada uliyeniandikia, nisikilize.

Hifadhi kila kitu usiku huu. Mwombe bosi wako namba iliyompigia, saa na maneno yenyewe. Skrinshoti ionyeshe namba na tarehe, isiwe maneno matupu. Usiwajibu kwa matusi, maana jibu lako nalo litakuwa ushahidi. Halafu hifadhi tena mahali pengine, nje ya simu hiyo. Mimi nusura niifute ile ya mteja kwa aibu, na bila hiyo nisingekuwa na kitu mkononi.

Deni lako lilipe au panga namna ya kulilipa. Kudaiwa kwako hakuwapi ruhusa ya kumpigia bosi wako, lakini kudhulumiwa kwako nako hakufuti deni. Ni mambo mawili.

Na usichanganye faini na fidia. Wengi wanaona habari ya mamilioni wanadhani aliyelalamika ametajirika. Faini ni ya serikali. Kilicho chako ni fidia ya madhara uliyoyapata, kwa hiyo yaeleze madhara hayo: kazi, arbuni iliyorudishwa, usingizi, jina lako. Mwenye kuandika "nilisumbuliwa" tu amejinyima mwenyewe. Kama kuandika kunakupa shida, sheria inaruhusu lalamiko la mdomo, nao wanapaswa kuliandika.

Kuna wanaoniambia milioni 5 si kitu kwa kampuni kubwa. Ni kweli, na inaniudhi. Sheria yetu inaweka kikomo cha milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, na kinachochukuliwa ni kile kilicho kidogo. Ufaransa, Januari 2022, ilitangaza kuitoza Google yuro milioni 150 na Facebook yuro milioni 60, kwa sababu kukubali kufuatiliwa ilikuwa mbofyo mmoja na kukataa ni mibofyo kadhaa. Nigeria, Julai 2024, iliitoza Meta, wenye Facebook na WhatsApp, dola milioni 220. Bunge letu lina la kujifunza hapo. Ila mimi sikungoja Bunge, na wewe usingoje. (Wasomaji wangu wa Tanga na Dar: ninyi mna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yake mnayo.)

Nanyi wenzangu wa biashara, msidhani haya ni ya makampuni tu. Ile picha ya bibi harusi uliyoipandisha kutangaza dera lako, ulimwomba? Zile namba 200 za wateja ulizozitia kwenye kundi la WhatsApp usiku mmoja, uliwauliza? Casa Vera walitozwa kwa picha. Mimi sasa mteja huniandikia mwenyewe, "nakubali picha yangu itumike", na asiyetaka namshonea vile vile. Wapo walionicheka kwamba najifanya benki. Wacheke. Mtu akikupa namba yake amekupa mlango wa nyumba yake, na nilishaona mlango wa mwalimu ukigongwa kwa ajili yangu.

Fungua simu yako sasa hivi, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya ruhusa za apu. Angalia ni ngapi zinaona majina na namba zako. Zile zisizohusika, zizime. Mimi nilikuta kumi na moja, na moja ilikuwa ya tochi.

Dada, fomu ya malalamiko iko kwenye tovuti ya Ofisi ya Kamishna. Ijaze kabla ya Ijumaa, maneno yakiwa bado mabichi kichwani mwa bosi wako. Ukifika kwenye viambatisho ukakwama, niandikie tena, saa yoyote.