Barua za wasomaji: Mzee wa Succession alianza kwa kupiga deki

Tangu tuandike mistari michache juu ya Brian Cox, yule mwigizaji mzee mkali wa mfululizo wa televisheni wa Succession, barua hazijakoma. Tumechagua tano.

Ba yaya, nimemtafuta Brian Cox kwenye simu, nikakuta bwana mwenye sura ya ujana anaeleza habari za nyota. Ni yeye kabla hajazeeka? (Kadutu, Bukavu)

Si yeye. Huyo wa nyota ni profesa wa fizikia wa Manchester, amezaliwa Oldham, Uingereza, mwaka 1968, na zamani alipiga kinanda katika bendi ya D:Ream. Mwigizaji ni Mskoti, amezaliwa Dundee tarehe 1 Juni 1946. Ukitafuta, ongeza neno "acteur" au "Dundee", vinginevyo utapewa sayari mpaka bando liishe.

Ametoka familia ya pesa? Na kazi aliisomea wapi? (Kamalondo, Lubumbashi)

Pesa hazikuwepo. Dundee ya zamani ilikula kwa juti, nyuzi zile zile za magunia yanayobeba kahawa ya Kivu kilo 60 kwenda ng'ambo. Juti ilitoka Bengali kwa meli, kavu na ngumu, ikalainishwa kwa mafuta ya nyangumi, na mji huo ulikuwa na meli zake za kuwinda nyangumi, basi mafuta yalikuwa mlangoni. Mama yake Cox alisokota nyuzi katika viwanda hivyo. Baba alikuwa na duka dogo la chakula, sisi tungesema ligablo. Baba alifariki Brian akiwa na miaka 8, mama akasumbuliwa na ugonjwa wa akili, na mtoto huyo, kitinda mimba kati ya watano, akalelewa zaidi na dada zake.

Akiwa na miaka kama 15 aliacha shule, akaingia Dundee Repertory Theatre. Hakuajiriwa kuigiza. Alipiga deki jukwaani, alitumwa huku na huku, alipeleka mapato benki. Sasa elewa teatri ya aina hiyo inavyokwenda: kundi moja la waigizaji linaajiriwa kwa msimu mzima. Jioni wanacheza mchezo ulioko, mchana wanazoeza unaofuata, na baada ya wiki chache mabango yanabadilishwa. Aliyekuwa mfalme mwezi huu, mwezi ujao ni mlinzi wa mlango mwenye sentensi mbili. Kijana wa ndoo anaona yote hayo bure: mkubwa anaposahau maneno, na jinsi mwenzake anavyomwokoa bila watazamaji kushtuka.

Mwaka 1963 akaenda kusoma LAMDA, chuo cha uigizaji cha London, akamaliza 1965. Mwaka huo huo akawa katika kundi la kwanza la teatri ya Royal Lyceum ya Edinburgh, kisha Birmingham, na 1967 akacheza London. Wengi wanakipa chuo sifa yote. Sisi tunaipa ndoo nusu yake. Jukwaani amepata tuzo ya Laurence Olivier mara mbili: ya 1984 kwa Rat in the Skull, akiwa polisi wa Ireland Kaskazini, na ya 1988 kwa Titus Andronicus ya Shakespeare.

Katika Succession tunayoitazama sisi kwa Kifaransa, sioni Uskoti wowote katika sauti yake. Ameipoteza? (Ibanda, Bukavu)

Sauti hiyo si yake, dada. Ni ya mtu aliyeajiriwa kuweka Kifaransa juu ya midomo yake. Kama faili lako lina sauti mbili, lifungue kwenye kompyuta kwa VLC, programu ya kuchezea video, ubonyeze herufi b: kila ukibonyeza, lugha inabadilika. Herufi v inaleta maandishi ya chini. Faili likiwa limebanwa sana, mara nyingi aliyelibana ameacha lugha moja tu, na hapo utafute nakala nyingine.

Hata ukipata Kiingereza chenyewe, Logan Roy, yule tajiri anayeigizwa na Cox, anaongea kama mtu aliyekaa Marekani miaka mingi. Mwanzoni waandishi walimwambia Cox kwamba Logan amezaliwa Quebec. Walipofika sehemu ya 9 ya msimu wa kwanza wakabadili, wakaandika Dundee, na msimu wa pili una sehemu nzima yenye jina la mji huo.

Ni kweli aliigiza Hannibal Lecter kabla ya Anthony Hopkins? Mbona hakuna anayemkumbuka? (Himbi, Goma)

Ni kweli. Lecter ni yule daktari muuaji anayekula watu. Filamu ni Manhunter ya Michael Mann, 1986, na humo jina limeandikwa Lecktor. Haikuuza vizuri kwenye majumba ya sinema, na Cox anaonekana dakika chache tu. Hopkins akaja 1991 na The Silence of the Lambs, filamu iliyouza sana, akabeba Oscar. Lakini tazama tena pale Lecktor alipo kifungoni: chumba cheupe, nguo nyeupe, na yeye anazungumza kama anayeulizia bei ya maharagwe. Hakodoi macho. Kwetu sisi huyo anatisha zaidi, ingawa tunajua barua za kutupinga ziko njiani.

Kundi letu limezoea kucheza katika ukumbi wa parokia. Sasa tunarekodi kwa simu, na kila mtu anasema tunapiga kelele. Watu kama Cox wanahamaje kutoka jukwaani? (Katindo, Goma)

Shida ni umbali. Parokiani unaongea na mama aliyekaa mita 20 nyuma. Simu iko mita moja na nusu, na inaona mpaka kope. Kosa la kwanza ni kwamba watu wakiambiwa "punguza" wanazima kila kitu, wanabaki kama wagonjwa. Hasira ibaki ile ile; kinachopungua ni ukubwa wake. Logan Roy anawaacha watoto wake waongee wee, kisha anajibu kwa tusi la maneno mawili.

Fanyeni hivi. Pitieni tukio zima kwa kunong'ona mara mbili, kisha kwa sauti ya watu waliokaa meza moja, ndipo simu iwashwe. Mtazame mwenzako katika jicho lililo karibu na kamera, usirukeruke kati ya macho mawili. Ukinyanyua kikombe kwenye neno "baba", kinyanyue kwenye neno hilo kila mnaporudia, maana la sivyo vipande havitashikana. Msivute picha kwa vidole ili ionekane karibu, inaharibika. Isogezeni simu yenyewe.

Sauti ndiyo inayoua kazi nyingi. Tumieni simu ya pili kurekodi sauti tu, ifichwe sentimita 30 hadi 50 kutoka mdomoni, nje kidogo ya picha. Pigeni kofi moja mwanzoni ili baadaye mlinganishe sauti na picha. Simu zote mbili ziwekwe hali ya ndege. Mvua ikianza kwenye mabati, pumzikeni, na jenereta ya jirani hamtaishinda.

Jambo jingine ni maneno. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi lilijenga michezo yake ya Kiswahili bila maandishi: wanakubaliana kisa na mpangilio, maneno yanazaliwa wakati wa kucheza. Jukwaani huo ni utamu. Mkiwa na kamera moja inabidi mrudie tukio mara tatu au nne kutoka pembe tofauti, na maneno yakibadilika kila mara hamtaweza kuunganisha. Basi chezeni kwanza kwa uhuru huku mkirekodi, sikilizeni, chagueni maneno yaliyotoka vizuri, myafunge. Halafu ndiyo mpige picha.

Na aliyeongeza kwa penseli chini ya barua hii, "mzee bado anafanya kazi?": ndiyo. Mwaka 2024 alicheza London Long Day's Journey Into Night, mchezo wa saa zaidi ya tatu, na 2025 alirudi Dundee Rep katika Make It Happen, mchezo juu ya benki iliyoporomoka, yeye akiwa mzimu wa Adam Smith, yule Mskoti wa zamani aliyeandika juu ya uchumi. Ila sakafu si ile aliyoipiga deki. Jengo lile liliteketea 1963, na la sasa lilifunguliwa 1982.