Diski ya pamoja kati ya Windows na Ubuntu

Kama una Windows na Ubuntu (aina ya Linux) kwenye kompyuta moja, na Ubuntu inakataa kuandika kwenye partisheni ya pamoja, yaani sehemu ya diski inayotumiwa na zote mbili, fanya hivi. Weka NTFS (mpangilio wa faili wa Windows) kwenye partisheni hiyo, si ext4 (ule wa Linux). Ubuntu inasoma na kuandika NTFS bila shida, lakini Windows haiioni ext4 mpaka uongeze programu nyingine. Kinachofanya Ubuntu ikukatalie kuandika ni ule uwashaji wa haraka wa Windows (Fast Startup): ukizima mashine haizimiki kabisa, inalala tu, na diski inabaki imeshikiliwa. Ndani ya Windows, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi, andika powercfg /h off, kisha zima mashine na kuiwasha upya. Faili ya hiberfil.sys, ambamo Windows huhifadhi hali yake inapolala, pia itafutika, urudishiwe gigabaiti kadhaa. Natengeneza laptop za wanafunzi hapa Kisumu, na karibu kila mara tatizo huwa hilo hilo. Kwa SSD ya GB 256 mimi huipa Windows 100, Ubuntu 50, zinazobaki ndizo za pamoja. Ila usihamishie folda ya home ya Ubuntu (yenye faili na mipangilio yako) humo, ruhusa za faili zitavurugika. Na tafadhali, nakili kazi zako kwenye flashi kabla ya kugawa diski upya. Stima ikipotea katikati unaweza kupoteza kila kitu.