Akiba ya mama imeisha, na makao ya wazee yananidai mimi

SWALI

Shikamoo mama. Mimi ni kifungua mimba, naishi Lowell, Massachusetts. Mama yangu ana miaka 78. Alikuja Marekani akiwa bado na nguvu, akafanya kazi ya kuwaogesha na kuwalisha wazee wa watu mpaka akastaafu, na sasa ni raia wa huku. Mwaka jana alipata kiharusi, upande wa kulia ukapooza. Alipotoka hospitali akapelekwa makao ya wazee. Mwanzo Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, ililipa, kisha tukaanza kutoa kwenye akiba yake, karibu dola 14,000 kila mwezi. Zimebaki dola 9,000. Ofisi ya malipo imeniandikia kwamba kwa kuwa nilitia sahihi siku ya kumwingiza, deni litakuwa langu. Nina mke, watoto watatu, na nyumba ambayo bado nalipia mkopo. Isitoshe, miaka miwili na nusu iliyopita mama alimtumia mdogo wangu dola 16,000 amalizie nyumba Voi, na mama mwenyewe ana shamba huko kwa jina lake. Ndugu zangu wanasema tulihamishe upesi kabla serikali haijajua. Wengine wanasema nimrudishe nyumbani. Nifanyeje?

Kifungua Mimba, Lowell

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Kabla ya lolote, mpigie simu mdogo wako umwambie asiguse jina kwenye hati ya shamba. Sababu nitakueleza.

Nilifanya kazi miaka mingi katika ofisi ya malipo ya makao ya wazee hapa hapa Massachusetts, kwa hiyo barua uliyoandikiwa naijua. Huandikwa hivyo ili mtoto aingiwe na hofu atoe cha kwake. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1987 inayasimamia makao haya, na inayakataza kudai mdhamini wa deni ndipo mgonjwa apokelewe. Kama ulitia sahihi kwa niaba ya mama, uliahidi kulipa kwa fedha zake ulizo na mamlaka nazo, yaani akiba yake na malipo yake ya uzeeni kutoka serikalini, Social Security. Katika hizo uwe mwaminifu kabisa, usinunulie hata mkate wa nyumbani kwako. Mshahara wako ni wako. Hata hivyo chukua nakala ya mkataba ule umwonyeshe wakili wa mambo ya wazee, asome neno kwa neno ulichokubali.

Medicare haikuwatupa. Ndivyo ilivyopangwa: siku 20 za kwanza hulipa zote, kuanzia ya 21 hadi ya 100 mgonjwa huchangia, baada ya hapo basi. Anayelipia wazee wengi kwenye makao haya ni Medicaid, mpango wa serikali wa matibabu kwa wasio na uwezo, ambao kwenu unaitwa MassHealth. Mzee asiye na mume wala mke hutakiwa awe amebakiwa na mali isiyozidi dola 2,000. Akikubaliwa, Social Security yake inakwenda kwa makao, anaachiwa kiasi kidogo cha mahitaji yake, na MassHealth inajazia. Kipato chako hakihesabiwi. Ulizia leo kama makao hayo yanapokea Medicaid, kisha anza ombi sasa hivi. Usisubiri dola 9,000 ziishe. Ombi likiwa limepelekwa na karatasi zao umezitoa, hawana ruhusa ya kumtoa kwa kosa la kutolipa wakati jibu bado halijaja. Na wakitaka kumtoa kwa sababu yoyote, kwa kawaida lazima watoe taarifa ya maandishi siku 30 kabla, nanyi mna haki ya kukata rufaa.

Sasa hizo dola 16,000, na hapa ndipo familia zetu huumia. MassHealth hupitia miezi 60 iliyopita ya akaunti za mama. Kila fedha iliyotoka bila yeye kupata kitu cha thamani hiyo huitwa zawadi, na zawadi huleta adhabu: jumla yake inagawanywa kwa wastani wa gharama ya siku moja unaotumiwa na jimbo, na siku zinazopatikana ndizo ambazo hawatalipa. Tuseme gharama hiyo ni dola 400, basi 16,000 ni siku 40. Na siku hizo huanza kuhesabiwa pale mama anapokuwa tayari yumo ndani na mfuko mtupu.

Mzungu aliyempa mjukuu wake gari huulizwa swali moja. Mama zetu huulizwa kurasa nzima, kwa sababu mama zetu hutuma. Nimeyaona maswali yenyewe: eleza dola 300 za tarehe fulani, eleza dola 150 za wiki iliyofuata. Ni karo, ni matanga, ni mchango wa hospitali, ni chama. Karani anayesoma faili hajui harambee ni nini, na usipomweleza ataziandika zote kuwa zawadi. Sheria inaruhusu kuthibitisha kwamba fedha zilitolewa kwa sababu nyingine kabisa, si kwa ajili ya kustahili Medicaid, na mzigo wa kuthibitisha ni wenu. Tafuta risiti za kutumia pesa, jumbe za M-Pesa za aliyepokea, picha za nyumba ikiwa kwenye linta na ikiwa imeezekwa, barua ya fundi. Tafuta pia cheti cha daktari kinachoonyesha kwamba wakati ule mama alikuwa mzima. Kisha andika barua fupi isiyo na maneno ya kulialia: mama amekuwa akituma fedha nyumbani tangu aanze kazi, na huu ndio ushahidi wa miaka yote. Mazoea ya muda mrefu yana uzito. Na kama mdogo wako anaweza kurudisha hata sehemu, mwambie wakili, kwa kuwa kilichorudi huweza kupunguza adhabu.

Shamba je? Mkilihamisha leo mmefanya zawadi mpya, nayo itaangukia ndani ya ile miezi 60 wanayoipitia. Mkilificha mmedanganya kwenye fomu mliyoapa, na sahihi itakuwa yako. Litajeni. Mali iliyo nje ya Marekani nayo huhesabiwa, lakini inayoangaliwa ni ile ambayo mama anaweza kweli kuiuza. Shamba la kilimo Kenya haliuzwi bila kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na kama ni la ukoo na mirathi haijamalizwa, haliuziki kabisa kwa sasa. Mwombeni wakili wa huko aandike hali halisi na thamani yake.

Katika hizo dola 9,000, mlipe wakili, mnunulie mama meno au miwani anayohitaji, halafu fikirieni mazishi. Najua ni zito kulitamka mama akiwa hai. Mkataba wa mazishi uliolipiwa kabla na usioweza kuvunjwa hauhesabiwi kuwa mali, na unaweza kuandikwa pamoja na kusafirisha mwili hadi Kenya. Nimeona jamaa wakichangisha usiku na mchana huku mwili uko mochari, na mzee aliwahi kuwa na fedha hizo zikaishia zote kwenye bili.

Kumrudisha nyumbani hakufuti deni. Mwaka 2012 mahakama ya Pennsylvania, kwa sheria ya jimbo hilo, ilimwamuru mtoto alipe takriban dola 93,000 za matunzo ya mama yake, ambaye alikuwa keshahamia Ugiriki, na ombi lake la Medicaid lilikuwa halijaamuliwa. Massachusetts nayo imewahi kuwa na sheria ya zamani kuhusu watoto na wazazi wasio na kitu; muulize wakili kama bado ipo. Akienda Voi, Social Security itamfuata kwa kuwa ni raia, lakini Medicare na MassHealth hazitamlipia huko. Pigeni hesabu ya mtu wa kumgeuza kitandani usiku, dawa za presha na mazoezi ya viungo, kila mwezi, na nani kati ya ndugu wanaosema arudi atalipa nini.

Wapigie SHINE, washauri wa jimbo wa bima za wazee, hawatozi kitu. Ofisi ya malipo ikiendelea kukutisha, mlalamikie mtetezi wa wakazi wa makao ya wazee, ambaye kila jimbo linaye.

Umeniandikia ndugu zako wanataka nini, hukuniandikia mama anataka nini. Kama kiharusi hakikumchukua akili, muulize yeye kwanza. Muulize na risiti zake alikuwa akiziweka wapi.