Walinikatalia, nikajua nimefika

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni hili: "Ukiwa ugenini, unautambuaje mgahawa unaopika chakula cha wenyeji kama wenyewe wanavyokipenda?" Mimi nitajibu kwa chakula kimoja tu, paella, wali wa Valencia huko Hispania, na jibu langu ni fupi: tafuta mahali watakapokukatalia. Maelezo yake ndiyo marefu.

Desemba 2022 nilimsindikiza mdogo wangu kwenda Valencia kukimbia marathoni. Yeye ni mwalimu anayeamka alfajiri kufanya mazoezi kabla ya kwenda shule, na alikuwa amedunduliza miaka mitatu kwa safari ile. Mimi nilikwenda kumtunza, na nilikwenda kwa ajili ya wali. Nimezaliwa Tanga, mama yetu alikuwa mama ntilie karibu na stendi kwa miaka mingi, na wali kwetu ni jambo la heshima. Niliposikia kuna mji Ulaya ambao watu wake wanabishana juu ya wali kama sisi tunavyobishana juu ya pilau, nilijua lazima niwaone.

Usiku wa kwanza tulikosea. Tulifika Alhamisi, tukatoka hotelini kama saa tatu usiku, njaa imetubana. Mtaa wa mji wa kale ulikuwa umejaa mbao za picha za wali wa njano, na mlangoni pa mgahawa mmoja alisimama kijana mwenye menyu ya lugha nyingi, akatukaribisha kwa bashasha. Tukaingia. Sahani zilifika baada ya dakika nane. Niliangalia saa, maana mama alitufundisha kwamba wali una muda wake na haukopesheki. Ulikuwa wa njano inayong'aa kama rangi ya ukutani, umerundikwa, juu umelainika, pembeni umekauka, na ndani yake mna vipande vya soseji nyekundu. Mdogo wangu akala vijiko vitatu akaweka kijiko chini. "Dada, huu umepashwa." Kweli ulikuwa umepashwa. Tulilipa tukaondoka, na njia nzima nilikuwa na uchungu. Pesa si kitu. Kilichoniuma ni kuona chakula cha watu kinavunjiwa heshima mlangoni mwa kwao.

Kesho yake asubuhi nilikwenda Mercado Central, soko kubwa la jiji, jengo la mwaka 1928 lenye kuba na vioo vya rangi. Nikamuuliza mama mmoja muuza machungwa, kwa msaada wa programu ya tafsiri ya simu, wapi nitakula paella. Alianza kwa kuniuliza nataka kula saa ngapi. Nilipomwambia jioni, akatikisa kidole. Paella ni chakula cha mchana, saa nane, saa tisa, hasa Jumapili, familia nzima ikiwa nyumbani. Anayekuuzia usiku anakuuzia kwa sababu wewe ni mgeni. Kisha akaninyooshea mkono kuelekea kusini: nenda kwenye mchele wenyewe.

Mchele wenyewe uko Albufera, ziwa la maji baridi lililotengwa na bahari kwa ukanda mwembamba wa mchanga, kusini kidogo ya jiji. Jina hilo ni Kiarabu, al-buhayra, bahari ndogo. Waarabu walitawala huko karne nyingi, nao ndio waliostawisha kilimo cha mpunga na mifereji ya maji. Masikio ya Mswahili yanafurahi katika nchi ile: azafrán ni zafarani yetu, aceituna ni zeituni, na naranja, chungwa, ni ndugu wa narinji. Basi la mjini linakufikisha kijiji cha El Palmar, katikati ya mashamba. Desemba mpunga umeshavunwa tangu Septemba, na wakulima wanayafurika mashamba maji, hata huoni ziwa linaishia wapi. Bata wametapakaa kila upande. Nilisimama pale kituoni nikawaza majaruba ya kwetu wakati wa masika.

Nikaingia mgahawa wa kwanza ulionivutia kwa harufu ya moshi wa kuni. Mama mwenye nyumba, mtu mzima, aproni ina madoa ya kazi, akaniuliza: watu wangapi? Nikasema mmoja. Akatikisa kichwa: mtu mmoja hapikiwi, kaango dogo kuliko yote ni la watu wawili. Nikasema nitalipia ya wawili. Akauliza kama niliagiza mapema. Sikuwa nimeagiza. Akatikisa tena: moto wa leo umeshagawanywa, kila kaango lina mwenyewe. Nikauliza kuhusu jioni. Jioni wamefunga. Hakuwa na ukali hata kidogo. Alikuwa anaeleza tu hali ilivyo. Akaniambia nilete mwenzangu kesho saa nane, akaandika jina langu daftarini kwa kalamu ya risasi, kisha akaniketisha na kunipa all i pebre, mchuzi wa mikunga wenye vitunguu saumu na pilipili nyekundu isiyowasha, chakula cha wavuvi wa ziwa lile. Nikala nimeridhika. Mtu aliyekataa pesa yangu mara tatu ndani ya dakika mbili alikuwa na kitu anachokilinda.

Na kila "hapana" yake ina sababu ya jikoni. Paella ni jina la kaango lenyewe kabla ya kuwa jina la chakula: kaango pana la chuma, kina kifupi, vishikio viwili. Upana huo ni ili wali utandazwe mwembamba, usizidi unene wa kidole, kila punje ifikiwe na supu na moto. Ukiwapikia watu wawili kwenye kaango la kumi, supu inakauka kabla mchele haujaiva. Ukirundika wa kumi kwenye kaango la wawili, unapata bokoboko. Na ukishaiva hausubiri mtu. Kwa hiyo ni lazima wajue mko wangapi na mtaketi saa ngapi. Mgahawa unaokupa paella ya mtu mmoja, saa yoyote, bila kuagiza, umeipika mapema au umeitoa kwenye friza.

Jumamosi tulifika saa saba, saa nzima kabla, nikaomba nisimame mlangoni mwa jiko. Wakaniruhusu. Kuni zilikuwa za mchungwa, matawi yaliyopogolewa mashambani. Zinatoa mwali mkubwa kisha zinaacha makaa ya moto sawasawa. Mpishi, kijana wa yule mama, alikaanga nyama ya kuku na sungura kwa mafuta ya zeituni na chumvi, polepole, akigeuza kipande kimoja kimoja hadi kila upande ukawa wa kahawia. Hapo hakuna mchezo, ndipo supu inapopata ladha. Akasogeza nyama pembeni, akatia maharage mabichi mapana na yale makubwa meupe wanayoyaita garrofó, yanayofanana na fiwi. Kwa kuwa ni majira ya baridi akaongeza artichoki, ua fulani la kijani linaloliwa likiwa bado tumba. Nyanya iliyokwanguliwa. Pilipili nyekundu ya unga, na papo hapo maji, maana unga ule ukiungua unakuwa mchungu. Maji yakafika kwenye ribiti za vishikio. Hicho ndicho kipimo chao. Yakachemka kama nusu saa. Zafarani. Chumvi, akaonja, akaongeza.

Kisha mchele. Aliumimina kwa mstari mmoja, kutoka ukingo hadi ukingo, kama tuta la viazi shambani, hadi tuta likachomoza juu ya supu. Akautandaza kwa mwiko, mara moja, kila pembe. Baada ya hapo mwiko ukawekwa chini na haukuguswa tena. Paella haikorogwi wala haifunikwi. Kilichobaki kilikuwa kazi ya moto: mwali mkubwa dakika za mwanzo, halafu akavuta kuni pembeni yakabaki makaa. Kama dakika kumi na nane kwa jumla. Mwishoni alinyamaza, akainama karibu na kaango akawa anasikiliza. Mlio wa kuchemka ulikuwa umekwisha, umebaki mlio mwembamba wa kukatika katika chini ya wali, kama vijiti vikavu. Nikaujua mlio ule. Nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili, "Ukoko huo." Mdogo wangu akacheka hadi wakatugeukia.

Wao wanauita socarrat. Kwetu ukoko unapatikana kwa njia iliyo kinyume kabisa, sufuria imefunikwa na makaa yamepaliwa juu ya kifuniko, lakini kinachogombaniwa na watoto ni kilekile. Utamu umejificha hapo chini: rangi ya karameli, unakwaruza kijiko, haujaungua. Nakiri huu ndio mzani wangu sasa. Wali usio na ukoko unaweza kuwa mzuri, lakini mpishi aliyeutoa ukoko mwembamba bila kuuchoma amesimama na moto wake tangu mwanzo hadi mwisho.

Jambo jingine la kuangalia ni rangi. Wali wa siku ile haukuwa wa njano. Artichoki inauvuta kwenye kahawia yenye ukijani, na mtu aliyezoea picha za barabarani angedhani umeharibika. Wenyeji wengine hutia rangi ya unga hata nyumbani kwao, kwa hiyo sisemi kila njano ni udanganyifu. Ila njano inayong'aa kama taa, hiyo iogope.

Kaango likawekwa katikati ya meza, tukapewa vijiko vya mti. Yule mama akatuonyesha kwa mkono: kila mtu anakula kuanzia ukingoni kwake kwenda katikati, hamvuki upande wa mwenzako. Sisi tuliolelewa na sinia hatukuhitaji tafsiri. Kula mbele yako.

Sasa kwa atakayekwenda. Piga simu au pita siku moja kabla, useme mko wangapi na mtafika saa ngapi. Angalia kama ubaoni pameandikwa a leña, yaani kwa kuni. Uliza wanatumia mchele gani. Mwenye mgahawa wa kweli atakutajia bila kusita, Bomba au Senia au Albufera, kama mtu wa Dar anavyokujibu Kyela au Ifakara. Bomba inavumilia, haipasuki haraka. Senia inafyonza ladha zaidi lakini ukiisahau dakika mbili imekwisha. Mpishi anayetumia Senia anajiamini. Kwa wanaokaa karibu na ufuko wa Malvarrosa, Casa Carmela ipo tangu 1922 na inapika kwa kuni za mchungwa. La Pepica ni ya 1898. Huko pia ni kwa kuagiza nafasi. Nje ya Valencia, katika miji kama Madrid na Barcelona, migahawa mingi ya kawaida huweka wali kwenye menyu ya mchana siku ya Alhamisi, na unaweza kubahatisha sahani safi kabisa, ila usiipime kwa ile ya El Palmar.

Rafiki zangu Waislamu huniuliza kuhusu nguruwe. Ile ya asili ya Valencia ya kuku na sungura haina soseji, na ukiona soseji umepata dalili nyingine ya kuondoka. Lakini vijiji vingine hutia mbavu za nguruwe, na wali wa kuoka wa Xàtiva unayo, kwa hiyo uliza. Kwa kuwa suala la uchinjaji linabaki, mimi huwaelekeza kwenye wali wa baharini: arroz a banda, ulioanza kwa wavuvi, mchele unaopikwa kwa supu ya samaki, au ule mweusi wa wino wa ngisi, ambao watu wa pwani yetu wangeuelewa mara moja. Hapo pia muulize mpishi supu imetengenezwa na nini.

Watu wa Valencia wanalichukulia jambo hili kwa uzito ambao mimi naupenda. Mji wa Sueca, kandokando ya mashamba yale, umekuwa na mashindano ya kimataifa ya paella tangu 1961, na mwaka 2021 serikali ya jimbo iliitangaza paella kuwa urithi wa utamaduni. Si chakula tu wanachokilinda. Ni Jumapili zao.

Mdogo wangu alikula wali mwingi na nyama kidogo, kama inavyompasa mkimbiaji, na Jumapili akamaliza mbio zake salama. Ndiyo siku Kelvin Kiptum alipokimbia marathoni yake ya kwanza akashinda kwa saa 2:01:53. Nilikuwa kando ya barabara nikamwona akipita. Mwenyezi Mungu amlaze pema.

Niliporudi Tanga nilibeba kaango moja la watu wanne ndani ya begi, limefungwa kwenye khanga. Nikampikia mama uani, kwa kuni za mwembe, kuku wa kienyeji badala ya sungura. Alikaa kwenye kigoda akiangalia wali unachemka wazi, akavumilia muda mrefu, mwisho akauliza nani kamfundisha mwanawe kupika bila kifuniko. Sikujibu, nikawa nasikiliza kaango. Mlio ulipobadilika, yeye ndiye aliyeusikia kwanza. Akanyanyua mkono. "Epua," akasema, na kabla sijaketi alikuwa ameshashika kijiko, anakwangua ukingoni upande wake.