Napiga dawa mimi, jirani kaacha maotea

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Nalima pamba eka tatu huku Maswa, msimu huu nimepiga dawa mara sita na bado vitumba (matunda ya pamba) vimetobolewa, ukipasua unakuta kifunza cha pinki kimetulia ndani. Jirani yangu kaacha maotea, yaani hakung'oa pamba ya mwaka jana, anasema ikichipua atavuna tena bure, na siwezi kubishana nae ni umri wa baba. Niongeze dawa au nibadilishe?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiongeze. Huyo wa pinki akishaingia kwenye kitumba dawa haimfikii, unachoua ni wale wadudu wekundu wenye madoa wanaokula vidukari, ndo mana baadae vidukari wanajaa, unashangaa majani yananata.

Kiangazi analala kwenye vitumba vilivyobaki mitini na kwenye mbegu, anasubiri mvua. Ndo mana tunaambiwa ifikapo 15 Septemba pamba yote iwe imeng'olewa na kuchomwa, na kupanda kuanzia 15 Novemba, hiyo miezi miwili ni ya kumkosesha chakula, ila shamba moja tu likibaki na maotea basi kitongoji kizima mmemlisha. Wengine wanaingiza ng'ombe wanaona wamemaliza, wakati ng'ombe kala majani tu, kisiki kipo na kinachipua.

Nisikudanganye lakini, yule funza wa vitumba mwenyewe, si huyu wa pinki, anakula mpaka mahindi, nyanya na dengu, kung'oa pamba hakumuondoi. Huyo pandeni wote kipindi kimoja, mana wewe ukipanda Novemba na mwenzio Januari kipepeo anahama tu toka kwako kwenda kwake, halafu kagua shamba kila wiki kabla hujashika bomba la dawa.

Sasa mzee. Usimpeleke kwa mtendaji, mtanuniana hadi misibani. Wasukuma wizi wa ng'ombe ulipozidi miaka ya 80 walianzisha sungusungu, ulinzi wa wanakijiji wenyewe, hakuna aliyelinda zizi lake peke yake, na funza nae ni mwizi tu. Mwombe mwenyekiti wa kitongoji apange siku, vijana muanzie kwa mzee, mvune kwanza vitumba vyake vizima mumkabidhi mkononi (si ndo anachokililia?) halafu mng'oe.

Na mabua msiruhusu yarundikwe jikoni yawe kuni za masika, hapo mtakuwa mmemhamishia funza nyumbani. Yachomeni hukohuko shambani.