Meza ya Fundi: Je, Simu Yangu Itapata Toleo Jipya?

Tangu matoleo mapya ya mifumo inayoendesha simu, Android 16 na iOS 26 ya iPhone, yatoke mwaka 2025, meza yangu hapa Kariakoo haipumziki. Wateja wanakuja na swali lile lile mnaloniandikia ninyi: mbona simu ya jirani imebadilika sura na yangu iko vile vile? Nimechagua barua nne. Mlioniuliza kuhusu betri na chaja nitawajibu mwezi ujao.

SWALI: Habari za kazi, Dada Fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Desemba 2023 nilinunua Samsung Galaxy A13 mpya kabisa, ndani ya boksi. Mwenzangu hapa ofisini ana Galaxy A16, naye ameshapata Android 16. Yangu iko Android 14, na kila nikitafuta apdeti inaniambia hakuna. Simu ni ya juzi tu! Nisubiri, au ndiyo basi tena?
*Mwalimu, Muheza*

JIBU: Mwalimu, usisubiri. A13 haitapata Android 15 wala 16. Android 14 ndiyo toleo lake la mwisho, na nakwambia wazi ili usiendelee kubonyeza kile kitufe kila jioni.

Najua kinachouma. Kwako wewe simu ni ya juzi, lakini kampuni haihesabu kuanzia siku uliyolipa, inahesabu kuanzia siku modeli ilipozinduliwa. A13 ilizinduliwa Machi 2022 ikiwa na Android 12, na ahadi yake ilikuwa matoleo makubwa mawili. Ikapata 13, ikapata 14, ahadi ikaishia hapo. Wewe ulipofungua boksi Desemba 2023, sehemu kubwa ya muda huo ilikuwa imeshapita simu ikiwa ghalani na rafuni. Ni kama dawa: tarehe ya kuisha muda inaanza kuhesabiwa kiwandani, wala haingoji mgonjwa aje dukani.

Ila boksi la dawa limechapwa tarehe, na boksi la simu halina. Jambo hili linanikera sana, na sitaacha kulisema katika ukurasa huu. Mtu anajinyima miezi kadhaa, anakwenda dukani na fedha yake, muuzaji anamwonyesha kamera, anamwonyesha ukubwa wa betri, anampa kava la bure, na hakuna anayemtajia mwaka. Mnunuzi ana haki ya kuambiwa. Umoja wa Ulaya wameligeuza hesabu: kanuni yao iliyoanza kutumika tarehe 20 Juni 2025 inahesabu miaka 5 ya apdeti kuanzia siku mtengenezaji alipoacha kuiingiza modeli hiyo sokoni, wala si siku alipoizindua. Hesabu ya namna hiyo ingekulinda wewe uliyenunua mwishoni.

Pengine unajiuliza kwa nini wasimpe kila mtu. Google wakimaliza toleo jipya hawalitumi moja kwa moja kwenye simu yako, labda uwe na Pixel, ambayo ni yao wenyewe. Wanachotoa ni msingi. Mwenye chipu, yaani ule ubongo wa simu, awe Qualcomm, MediaTek au Unisoc, lazima atayarishe programu za kuifanya chipu yake ielewane na msingi huo: kamera, mtandao, waifai, vyote. Kisha kampuni ya simu inaweka sura yake juu, Samsung wana One UI, Tecno wana HiOS, halafu inajaribu modeli moja baada ya nyingine. Mwenye chipu akishaiacha chipu ya zamani, mzigo wote unamwangukia mwenye simu. Mwaka 2017, pamoja na Android 8, Google walileta mpango uitwao Treble, uliotenganisha sehemu ya chipu na sehemu ya mfumo wenyewe ili moja ibadilishwe bila kuivuruga nyingine. Kazi imepungua tangu hapo, lakini bado inalipiwa, na simu ya bei ndogo haiachi faida ya kuilipia kwa miaka mingi. Ndiyo maana Pixel 8 ya mwaka 2023 na Galaxy S24 ya mwaka 2024 ziliahidiwa miaka 7, wakati simu nyingi za bei ya chini zinazopita mezani kwangu zina toleo moja au mawili, na nyingine hazina hata moja.

Sasa nikutulize kidogo, Mwalimu, maana kukosa toleo jipya si sawa na simu kufa. Kuna apdeti za aina tatu, na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni hilo toleo kubwa, linalobadilisha namba na sura. Ya pili ni kiraka cha usalama, kinachoziba matundu wanayopitia wezi. Viraka huendelea kuja hata baada ya matoleo makubwa kuisha. Ya tatu inapitia Google Play: tangu Android 10, mwaka 2019, baadhi ya sehemu za ndani za mfumo hufanyiwa marekebisho na Google wenyewe bila kumsubiri mtengenezaji wa simu. Hiyo simu yako bado inaipata.

Ingia setingi, nenda kwenye taarifa za simu, kisha taarifa za programu, utafute tarehe ya kiraka cha usalama. Tarehe hiyo ndiyo ya kuangalia, kuliko namba ya Android. Ikiwa ni ya miezi michache iliyopita, fundisha watoto kwa amani. Ikipita mwaka mzima bila kusogea, na simu hiyo ndiyo unayofanyia miamala ya benki, hapo anza kuweka akiba ya simu nyingine.

Na programu zako hazitakukimbia leo. WhatsApp ilipoaga Android 4.4 mwanzoni mwa mwaka 2025, ilibaki ikikubali Android 5 kwenda juu. Chrome mpya, kuanzia mwaka huo huo wa 2025, inataka Android 10 kwenda juu. Wewe uko 14.

SWALI: Dada, nilinunua iPhone XR ya used, muuzaji akasema imetoka Dubai na haijawahi kufunguliwa. Marafiki zangu wako iOS 26, mimi nimekwama 18. Fundi mmoja ameniambia simu yangu imeachwa nyuma matoleo manane, eti niiuze haraka kabla haijazima, na yeye yuko tayari kuinunua. Ni kweli?
*Kijana wa Likoni, Mombasa*

JIBU: Si kweli, na usimuuzie.

Umeachwa nyuma toleo moja tu. Apple walikuwa na iOS 18 mwaka 2024, na mwaka uliofuata wakaamua kufuata namba za miaka, wakaruka moja kwa moja hadi 26. Hakuna iOS 19, wala 20, wala 25. Anayekwambia matoleo manane ama hajui, ama ameona bei anayoitaka.

Ni kweli kwamba XR haitapata iOS 26. Simu hiyo ilitoka mwaka 2018 pamoja na XS na XS Max, na zote tatu zimeishia iOS 18. Toleo jipya linaanzia iPhone 11. Lakini siku ile ile ya Septemba 2025 iOS 26 ilipotoka, Apple walitoa pia iOS 18.7 yenye marekebisho ya usalama, na XR imo. Hiyo ni desturi yao. iPhone 5s ya mwaka 2013 ilipata marekebisho ya usalama Januari 2023, ilipokuwa inakaribia kutimiza miaka 10. Kwa hiyo hakikisha una iOS 18 ya karibuni kabisa, halafu uendelee na maisha. WhatsApp kwenye iPhone ilipandisha kiwango Mei 2025 hadi iOS 15.1, waliobaki nje ni wenye 5s, 6 na 6 Plus.

Jambo moja la kuchunguza kwenye XR ya used ni afya ya betri. Iangalie kwenye setingi, upande wa betri. Ikiwa chini ya asilimia 80, badilisha betri, utaiona simu imechangamka bila toleo jipya lolote.

SWALI: Fundi wa mtaani kwetu anataka 30,000 aniwekee Android 15 kwenye simu yangu ya mwaka 2020. Ina RAM ya GB 2. Kampuni yenyewe ilitoa Android 10 ikanyamaza. Nimpe?
*Muuza mitumba, Morogoro*

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Hiyo 30,000 ongezea mzigo wa balo.

Fundi huyo anaweza kufanya moja kati ya mambo mawili. La kwanza ni kukubadilishia maandishi tu: setingi zitasema Android 15, na ndani ni 10 ile ile. Namba inayoonekana pale ni mstari kwenye faili, mtu anaweza kuuandika anavyotaka, na simu bandia nyingi zinatoka hivyo hivyo tangu mwanzo. La pili ni kuiflashi kweli, yaani kuuondoa mfumo wake na kuweka mwingine uliotengenezwa na watu wengine nje ya kampuni. Ili afanye hivyo lazima afungue kufuli la ndani la simu, na kufungua huko kunafuta picha, meseji na kila kitu. Ukimaliza, programu nyingi za benki zitakagua simu, zikute kufuli limefunguliwa, zikatae kufunguka. Kwa mtu anayepokea malipo ya wateja kwa simu, hiyo ni hasara ya kila siku.

Sisemi kuflashi ni dhambi. Upo mradi wa LineageOS, unaoheshimika na wa bure, ambao umefufua simu nyingi zilizoachwa na kampuni zake. Lakini una orodha ya modeli unazozihudumia, na kila modeli ina mfumo wake. Kama yako haimo, hakuna njia ya mkato. Na kwa RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 2 ungepata taabu hata kama ingekuwamo. Kwenye Android 13, GB 2 ndicho kilikuwa kiwango cha chini kabisa hata kwa Android Go, ile iliyopunguzwa makusudi kwa simu ndogo.

Futa video za WhatsApp zilizojaa, ondoa programu usizozitumia, uiache simu na GB kadhaa za nafasi. Itakufikisha mbali kidogo wakati unajipanga.

SWALI: Assalaam alaykum. Nipo Maskati kwa kazi. Nataka kumtumia mama simu Wete, Pemba. Duka la huku lina Galaxy S10 ya used, safi sana, na Galaxy A16 mpya, bei zinakaribiana. Wenzangu wanasema S10 ni simu ya wakubwa, kamera yake haina mfano. Nichukue ipi?
*Mtoto wa Wete, Oman*

JIBU: Wa alaykum salaam. Mchukulie A16.

S10 ilikuwa simu ya wakubwa mwaka 2019, na wenzako hawakosei kuhusu kamera. Ilianza na Android 9, ikaishia 12. Ukimpeleka mama simu hiyo, unampelekea ambayo tayari imeachwa, na betri iliyochajiwa miaka yote hiyo. A16 ilitoka mwishoni mwa mwaka 2024 na Android 14, na Samsung wameiahidi matoleo makubwa 6. Kwa hesabu hiyo inatakiwa kufika Android 20, na viraka vya usalama hadi mwaka 2030. Kwa mama ambaye hatakuwa na mtu wa kumwangalilia simu kila mwezi, miaka hiyo ina thamani kuliko kamera.

Soma jina la modeli vizuri kabla hujalipa. A06 inafanana nayo kwa mbali na ahadi yake ni fupi zaidi.

Kabla hujamkabidhi msafiri, iwashe hapo hapo Maskati kwa waifai ya nyumbani, upakue apdeti zote zilizokwisha kutoka, kwa sababu toleo kubwa huweza kuzidi GB 1 na sitaki bando la mama liishie huko. Ruhusu zijipakue zenyewe pale tu simu inapokuwa kwenye waifai. Kisha mwombe kijana wa jirani yake Wete, mara mojamoja mama anapokwenda kwao, aiunganishe na waifai yao usiku simu ikiwa kwenye chaja.