Maswali ya Wasomaji: Mgombea Anayeuzika Marekani

Swali: Mwaka 2020, kwenye mchujo wa chama cha Democratic (kura za jimbo kwa jimbo za kumpata mgombea urais wa chama), Joe Biden alishika nafasi ya nne Iowa na ya tano New Hampshire. Wiki chache baadaye akawa kinara. Ni vigogo wa chama waliombeba? (Msomaji, Morogoro)

Vigogo walisaidia, lakini waliombeba hasa ni wapiga kura weusi wa South Carolina. Wakazi wa Iowa na New Hampshire wengi mno ni weupe. South Carolina, zaidi ya nusu ya wanaopiga kura kwenye mchujo wa Democratic ni weusi. Tarehe 26 Februari mbunge Jim Clyburn, mzee anayesikilizwa sana na jamii hiyo, alitangaza kuwa yuko na Biden. Tarehe 29 Biden akapata zaidi ya asilimia 48, mpinzani wake Bernie Sanders akabaki chini ya 20.

Hapo wengine wakapiga hesabu upya. Sanders alikuwa ameshinda New Hampshire kwa asilimia 26 kasoro kidogo tu, kwa sababu wagombea wenzake Pete Buttigieg, Amy Klobuchar na Biden waligawana kura za waliotaka mtu wa mrengo wa kati. Buttigieg akajitoa Machi 1, Klobuchar Machi 2, na jioni hiyo wote wawili walikuwa Dallas wakimuunga mkono Biden. Kesho yake, Jumanne Kuu, majimbo 14 yalipiga kura. Biden akachukua 10, ikiwemo Minnesota, nyumbani kwa Klobuchar, na Massachusetts, nyumbani kwa mgombea mwingine, Elizabeth Warren, aliyeambulia nafasi ya tatu kwao. Mgombea Michael Bloomberg, aliyemwaga zaidi ya dola milioni 500, alishinda Samoa ya Marekani peke yake.

Kuna hasara moja hapo ambayo watu huisahau. Wengi walikuwa wameshapiga kura za mapema kabla Buttigieg na Klobuchar hawajajitoa, na katika majimbo mengi kura ikishaingia hairudi. Anayetaka kumwachia mwenzake njia aangalie kura za mapema zinaanza lini. Akisubiri hadi mkesha wa uchaguzi, sehemu ya kura zake imeshapotea.

Swali: Nasikia mtu anaweza kushinda jimbo kubwa asipate faida yoyote. Hesabu yake ikoje? (Mwalimu, Kisumu)

Mwalimu, kinachotafutwa kwenye mchujo ni wajumbe wa mkutano mkuu wa chama, ambao ndio humteua mgombea. Kura ni njia ya kuwapata tu. Mwaka 2020 Democratic ilikuwa na wajumbe 3,979 wa kupigiwa kura, na wa kushinda alihitaji 1,991.

Democratic hugawa wajumbe kwa uwiano, jimbo zima na tena wilaya kwa wilaya za bunge, na asiyefika asilimia 15 hapati kitu. Chukua wilaya yenye wajumbe 6, wagombea wanne wapate asilimia 40, 25, 20 na 14, na asilimia 1 iende kwa wengineo. Wa 14 anatupwa nje pamoja na hao wengineo. Zinabaki 85. Gawanya kila moja kwa 85, zidisha kwa 6: unapata 2.82, 1.76 na 1.41. Namba nzima zinatoa 2, 1 na 1. Wajumbe wawili waliobaki wanakwenda kwenye masalio makubwa zaidi. Matokeo ni 3, 2, 1.

Sasa angalia wilaya yenye wajumbe 4 na wagombea wawili. Ukishinda kwa asilimia 55 kwa 45, mnagawana 2 kwa 2. Ili upate wa tatu lazima uvuke asilimia 62.5. Lakini wilaya ya wajumbe 5 inakupa 3 kwa 2 hata kwa asilimia 51. Meneja wa kampeni anayejua kazi hupeleka pesa kwenye wilaya za namba witiri.

Barack Obama aliitumia hesabu hii vizuri kuliko Hillary Clinton. Tarehe 5 Februari 2008 Clinton alishinda New Jersey, jimbo lililopigiwa kura na watu zaidi ya milioni moja, akapata wajumbe 59 kwa 48: faida ya 11. Siku hiyohiyo Obama alizoa karibu asilimia 80 ya kokasi za Idaho (mikutano ya wafuasi wa chama inayochukua nafasi ya kura ya kawaida), zilizohudhuriwa na watu elfu ishirini na kitu, akapata 15 kwa 3: faida ya 12. Kambi ya Clinton ilikuwa imeyapuuza majimbo madogo ya kokasi, na pengo hilo halikuzibika.

Republican wana utaratibu mwingine, na majimbo yao mengi humpendelea anayeongoza. South Carolina mwaka 2016 Donald Trump alipata asilimia 32.5 ya kura na wajumbe wote 50. Marco Rubio na Ted Cruz, kila mmoja akiwa na asilimia 22 na ushee, waliondoka mikono mitupu.

Swali: Kama chama kinataka kushinda, mbona hakimchagui tu anayeongoza kwenye uchunguzi wa maoni dhidi ya chama pinzani? (Msomaji, Zanzibar)

Kwa sababu namba hizo hudanganya mapema. Masika ya 2016 John Kasich, mgombea wa Republican, alikuwa akimshinda Clinton kwenye uchunguzi mwingi wakati Trump akishindwa, lakini mchujo mzima alishinda Ohio tu, jimbo alilokuwa gavana wake. Hakuna aliyekuwa amemshambulia kwa nguvu, kwa hiyo jina lake lilikuwa halijachafuliwa. Mgombea asiyepigwa mawe huonekana mzima.

Hata kushinda jimbo kwenye mchujo si ushahidi wa Novemba. Kwenye mchujo wa 2008 dhidi ya Obama, Clinton alisisitiza kuwa yeye ndiye anayeuzika kwa sababu alichukua Ohio na Pennsylvania. Novemba 2008 Obama aliyachukua yote mawili.

Sisi tungeangalia mambo mawili: mgombea anapata kura ngapi nje ya kundi lake la asili, na wapiga kura wa wapinzani wake wanamtaja kama chaguo la pili au wanasema hawamtaki kabisa. La pili ndilo zito zaidi, maana mchujo unapoisha watu hao ndio anaowahitaji.

Swali: Kwa nini wapinzani wa Trump hawakuungana 2016? (Msomaji, Nairobi)

Walijaribu, wakachelewa. Tarehe 24 Aprili Cruz na Kasich walitangaza kuachiana: Kasich angemwachia Cruz jimbo la Indiana, Cruz angemwachia Oregon na New Mexico. Kesho yake tu Kasich akasema watu wake wa Indiana bado wampigie yeye kura. Makubaliano ya namna hiyo hufanya kazi pale mgombea anapowaambia wafuasi wake waziwazi wampigie mwenzake. Mei 3 Trump akapata asilimia 53 Indiana, na Cruz akajitoa usiku huo.

Swali: Mimi ni Mkongomani, naishi Columbus, Ohio, na nimepata uraia. Nafanyaje ili nipige kura ya mchujo?

Hongera. Jiandikishe angalau siku 30 kabla ya uchaguzi, na siku yenyewe beba kitambulisho chenye picha. Kwa Ohio si lazima ujiunge na chama mapema: kituoni unaomba karatasi ya chama kimoja, na ombi hilo linaandikwa kwenye kumbukumbu zako. Mwambie pia ndugu mwenye kadi ya kijani (kibali cha ukaaji wa kudumu) asiguse fomu ya kujiandikisha, kwani kura ni ya raia pekee na kosa hilo linaweza kumfukuzisha nchini.

Ukihamia New York, mambo ni tofauti. Kule mchujo ni wa wanachama walioandikishwa tu, na mwaka 2016 aliyetaka kubadili chama alitakiwa awe amefanya hivyo tangu Oktoba iliyotangulia. Ivanka na Eric Trump walipitwa na tarehe hiyo, wakashindwa kumpigia kura baba yao.